Mwanafunzi wa Koku

Watu wa Izigo waliopita mikononi mwake unaweza kuwatambua kwa herufi a. Katekista, mtendaji wa kijiji, dada wa duka la dawa pale senta, hata yule kijana aliyepaka kwenye ukuta wa nyumba yake maneno ya kukataza watu kukojoa hapo, wote wanaandika a moja: tumbo la mviringo limefungwa barabara, mkia umeshuka wima na kukunjwa kidogo mwishoni. Mimi pia ndivyo ninavyoiandika. Alikuwa mwalimu wetu wa darasa la kwanza, na miaka yote ya kazi alikataa kuhamishiwa madarasa ya juu. Alisema huko juu watu wanarekebisha, yeye anapenda kuanzisha.

Tulimwita Mwalimu tu. Walimu wengine waliitwa kwa majina yao. Ukisema Mwalimu, kila mtu alijua ni nani.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo iliyokulazimisha uache kelele zako ili umsikie. Alipopita kati ya madawati hakuangalia daftari, aliangalia mkono. Hilo ndilo lililotutia hofu. Ungeweza kuandika a nzuri kabisa, naye akaifuta kwa sababu ulianzia mkiani. Tukilalamika kwamba mbona imetokea sawa, alijibu, "Imetokea. Haijaandikwa." Kisha alikushika mkono kwa vidole vyake vilivyojaa chaki, akaupitisha njia inayotakiwa, mara moja, mara ya pili, mpaka mkono wenyewe ukakubali.

Sitamfanya malaika. Fimbo alikuwa nayo na aliitumia. Lakini mtoto aliyechapwa Ijumaa, Jumamosi alimwona akiingia kwao na chane la ndizi mbivu kichwani, amekuja kusalimia. Alikaa, akatafuna punje za kahawa alizopewa kama mgeni, desturi ya kwetu, akazungumza na wazazi habari za mvua na mnyauko wa migomba, akaondoka bila kusema lolote kuhusu fimbo. Darasani alikataza Kihaya kabisa. Nyumbani kwake alisali kwa Kihaya, akafukuza kuku kwa Kihaya, na alipokasirika sana alikuwa na maneno ambayo mama yangu alikataa kunieleza maana yake.

Mumewe alifariki kabla mimi sijaanza shule, na mtoto alikuwa naye mmoja, Deo. Deo alitutangulia miaka kadhaa. Alikuwa na akili za kutisha na mwandiko mbaya kuliko wa mtoto yeyote wa kijiji kile, jambo ambalo mama yake alilibeba kama msalaba. Alipata nafasi ya kwenda kusoma China, akamaliza, akabaki huko Guangzhou kwenye biashara ya kusafirisha nguo, akaoa mwanamke wa huko. Walipata binti. Mama yake alimpa jina la Kichina ambalo ulimi wa Mwalimu haukuliweza, kwa hiyo naye, kutoka Izigo, alimpa jina la Kihaya, Kokushubira. Kwa Mwalimu mtoto huyo alikuwa Koku, na hakuna aliyembishia.

Alikuwa adui wa simu. Alipokuwa kazini alizinyang'anya hata kwa walimu wenzake. Deo alipomtumia simu kubwa ya kuonana sura, aliifunga kwenye kitambaa cha altare kilichochakaa, akaiweka kabatini pamoja na vyeti. Baada ya mwezi mmoja ilikuwa inalala chini ya mto wake.

Walipiga saa nane mchana, kule kukiwa jioni. Mwanzoni, aliniambia baadaye, zilikuwa simu ngumu. Koku alijua neno moja la kwetu, shikamoo, akilivuta kama wimbo. Mwalimu aliitikia marahaba, halafu ukimya. Deo alikaa katikati akitafsiri, amechoka na kazi, na kila alichotafsiri kilifika kimepoa. Mpaka siku moja mtoto alikuwa anafanya kazi ya shule mezani, na Mwalimu akamwomba Deo aelekeze simu kwenye daftari.

"Nikauona mkono," aliniambia. "Ulikuwa unaandika."

Alichukua kipande cha karatasi akaiga kile alichokiona, mkono wake ukionekana kwenye simu, kisha akakiinua. Koku alicheka, akatikisa kidole, akasema, "Bu dui." Deo alitafsiri kwamba anasema si sawa. Mwalimu alitazama karatasi yake na daftari la mtoto, akaona herufi ni zile zile. Akauliza kosa liko wapi. Deo akamuuliza mtoto, mtoto akaeleza, Deo akaanza kucheka mpaka simu ikatikisika. Mtoto alikuwa anasema Bibi ameanzia pasipofaa.

Jumamosi iliyofuata nilisikia hodi mlangoni kwangu, Bilele. Wakati huo nilikuwa nimerudi Bukoba. Nilisomea Kichina chuo kikuu Dodoma, nikakaa mwaka mmoja China, na sasa nilikuwa mkalimani wa kampuni ya Wachina iliyokuwa inajenga barabara. Nilifungua nikamkuta Mwalimu amevaa gauni la kanisani, ana mkungu wa ndizi miguuni na daftari jipya la hesabu, lile la miraba, kwapani.

"Nimekuja kuanza la kwanza," alisema.

Kama mwanafunzi alikuwa mbaya. Alibishana, alitaka kuruka, na mara mbili nilimkamata ananakili herufi huku anaziba kwa kiganja ili nisiuone mkono. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mstari wa kulala kabla ya mstari wa kusimama. Herufi ikiwa kama nyumba yenye kuta, simamisha kuta, ingiza waliomo, ndipo ufunge mlango. Hiyo ya mlango aliikubali papo hapo. Lakini sheria hizi zina waasi wake. Herufi ya mwanamke ina mstari mrefu wa kulala, na kwa sheria ya kawaida ungeanza nao. Haiwi hivyo, mstari huo huja mwisho, juu ya mingine yote. Tuligombana juu ya herufi hiyo kwa wiki kadhaa.

"Kwa nini huyu peke yake?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyo, Mwalimu."

"Ndivyo ilivyo ni jibu la mwalimu aliyechoka."

Siku nyingine, amekasirika, aliniuliza wino ukishakauka nani atajua alianzia wapi. Nilimwambia Koku atajua. Alifungua ukurasa mpya, akajaza miraba yote kwa herufi hiyo ya mwanamke, akiimaliza kila moja kwa mstari wa kulala. Tangu siku ile hakuikosea tena, hata akiwa na haraka, hata akiwa anaongea na mtu mwingine.

Neno la kwanza la Kichina alilolimiliki ni lile la mjukuu wake. Bu dui. Alimwambia muuza samaki kutoka kisiwa cha Goziba aliyemletea sato waliolala. Alimwambia katekista aliyesoma somo la Jumapili iliyopita, na alimwambia katikati ya Misa. Aliniambia mimi kila nilipopita kumsalimia bila kukaa. Na mchana, saa nane, aliinua daftari lake mbele ya simu akisubiri kuambiwa yeye. Deo aliniandikia kwamba siku hizi hana kazi kwenye simu za mama yake. Wanaandika tu, mmoja huku, mwingine kule, wanaonyeshana, na yule mdogo anamkosoa yule mkubwa mpaka muda wa kulala. Alisema, kwa utani, kwamba hatimaye kuna mtu amelipiza kisasi kwa watoto wote wa Izigo.

Kuna neno moja alilolipenda kuliko yote. Kichina kinatofautisha bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, kila mmoja ana neno lake. Wa upande wa baba ni nainai. Mwalimu alisema hao ni watu wenye akili, hawachanganyi koo. Aliandika cheo chake hicho kwenye mlango wa jiko kwa chaki, na kila mvua ilipokifuta alikiandika tena.

Simu kutoka kwa mkwe wake ilinikuta kazini, kambini upande wa Muleba. Mwanamke yule alinijua kwa sababu ya Deo. Alizungumza polepole ili nielewe, na nilielewa, lakini nilimwomba arudie. Deo alianguka asubuhi ghalani. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha. Alisema hana jinsi ya kumwambia mama mkwe wake, hana maneno, je, nitamsaidia.

Dereva wa kazini alinishusha Izigo. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye jamvi uani, anachambua kahawa. Aliniona nikitoka barabarani, mchana wa siku ya kazi, na hakuuliza nimefuata nini. Alisema, "Ngoja nimalizie hizi." Akaendelea kutoa punje mbovu, mojamoja. Nikaketi nikamsaidia. Tulichambua mpaka jamvi likabaki tupu. Kisha alifuta mikono kwenye kanga.

"Sema sasa."

Nilisema. Alisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza mtoto anayesoma kwa sauti, bila kukatiza. Aliuliza swali moja tu, mtoto alikuwa wapi wakati huo. Nilimwambia alikuwa shuleni. Akaitikia kwa kichwa.

Msiba ulijaa kama misiba yote ya kwetu, nyasi mpya zikatandazwa ndani, wanawake wakalala chini, wanaume wakakaa nje na moto wao. Kilichokosekana ni mwili. Wazee wa ukoo walitaka kujua unafika lini ili kaburi lichimbwe kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na la baba yake. Siku ya tatu mkwe alinipigia tena, na akanieleza kwamba mwili umechomwa, kama wanavyofanya katika mji wao, na majivu yamewekwa kwenye ukuta wa makaburi, kwenye kijumba kidogo chenye picha yake. Nilimwita Mwalimu nyuma ya nyumba nikamweleza. Alisimama ameshika mgomba.

"Neno hilo usiwatafsirie," alisema. "Libaki kwako na kwangu."

Tuliporudi aliwaambia wazee kwamba mwanawe amekwisha kuzikwa huko, na mahali pana picha yake. Mzee mmoja, kwa nia njema, alipendekeza wazike shina la mgomba badala yake, kama ilivyofanyika zamani kwa waliopotelea ziwani, ili angalau pawe na mahali pa kuweka maua. Alikataa. Alisema mwanawe ana mahali pake, yeye hawezi kuzika mgomba na kuuita Deo. Watu walinung'unika. Kuna waliosema masomo yamemharibu.

Baada ya watu kutawanyika aliniomba nimwandikie herufi ya moto. Nilijaribu kukwepa, akanitazama kwa yale macho ya darasani. Nikaandika taratibu, anavyotaka, ili auone mkono. Unaanza na cheche mbili, moja huku na moja huku. Katikati unamalizia kwa mistari miwili inayoegemeana, na mistari hiyo peke yake ni herufi nyingine, herufi ya mtu. Hiyo alikuwa anaijua tangu somo la kwanza.

"Mtu anaingia mwisho," alisema.

Kati ya zote nilizomfundisha, ni hiyo peke yake ambayo hakuiandika kamwe.

Mkwe alikuwa mwanamke mwema, na ninataka hilo lijulikane. Alikuwa amebaki na mtoto na madeni ya msiba wake mwenyewe, lakini aliendelea kupiga. Kila Jumapili nilipanda Izigo nikakaa kando ya Mwalimu, nikawa Deo. Sikuhitajika sana. Bibi na mjukuu waliandika kama zamani, ila mtoto sasa alikosoa kwa sauti ya chini, naye Mwalimu hakucheka.

Jumapili moja Koku aliweka kalamu chini. Aligeuka akanyoosha kidole kwenye picha iliyokuwa ukutani nyuma yake, picha ya Deo amevaa shati jeupe, akasema, "Baba." Kwa Kichina ni hivyo hivyo, baba. Mwalimu aligeuka kunitazama, na kabla sijafungua mdomo alikwisha kuelewa kwamba hapa hahitaji mkalimani.

"Baba," alimjibu.

"Baba," mtoto akasema tena.

Walirudia hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila neno lingine, mpaka mama yake akaja akamshika mtoto mabegani. Mimi nilitoka nje. Katika kazi yangu nimetafsiri mikataba, ugomvi, hata kesi. Sijawahi kujiona sina kazi kama siku ile.

Mwaka uliofuata mkwe alipata mume mwingine, wakahamia mji wa mbali. Alinipigia mimi, kwa adabu, akaniambia mambo ambayo sikuweza kumlaumu. Mtoto haelewi. Anamwita yule bwana mjomba, na kila baada ya simu ya Izigo anakaa siku nzima bila kula. Aliomba wapumzike kidogo, mtoto azoee. Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo kama yalivyokuwa, nikijua kwamba nikiyapunguza atajua.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Mwambie mtoto ale."

Pumziko lile dogo likawa refu. Baadaye namba ile haikuita tena.

Nilidhani ataacha. Alikuwa na umri ambao wenzake walikuwa wanaacha hata kufunga mifungo. Badala yake aliniomba nimtafutie vitabu vya shule ya msingi vya China, vya kila darasa. Wenzangu kazini waliporudi kutoka likizo kwao waliniletea. Kule mwaka wa shule unaanza Septemba, kwa hiyo kila Septemba Mwalimu alipanda darasa. Alisema, sasa yuko la tatu, wanaanza herufi zenye mistari mingi. Sasa yuko la nne, huko kuna mashairi. Alijitungia mtihani, akaufanya mezani kwake, akajisahihisha kwa wino mwekundu, na mwaka mmoja alijirudisha darasa, akafidia mwaka uliofuata. Nilimwambia huo ni ukali wa bure. Alinijibu kwamba mtoto akipiga simu asikute bibi yuko nyuma ya umri wake.

Majirani walisema mengi. Karatasi zilizojaa alama zilipepea kibanjani, na kuna mama aliyemkataza mwanawe asizikanyage. Paroko alikuja kuuliza kwa upole. Mwalimu alimkaribisha kahawa, akamfundisha kuandika moja, mbili na tatu, akamkosoa, akamrudisha parokia. Mimi nilicheka pamoja nao siku hiyo. Njiani kurudi Bilele nililia.

Macho yalianza kumwacha taratibu. Bukoba walisema ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Kwanza alipoteza pembeni, akawa anagonga milango. Halafu miraba ya daftari ikafutika. Nilidhani sasa basi. Nilimkuta ananunua karatasi za manila na maka peni, anaandika herufi kubwa kama sahani, uso umeinuliwa, haangalii. Nilimuuliza anajuaje. Alishangaa swali lenyewe. Kama unajua unaanzia wapi na unapita wapi, alisema, mkono unafika. Anayechora ndiye anayehitaji macho.

Mwaka huu, Novemba, mwezi wa senene, nilipata ujumbe kwenye ule mtandao wa simu wa Wachina. Ulikuwa wa mkwe. Aliandika kwamba binti sasa yuko sekondari, amekuwa akiuliza habari za upande wa baba yake, na kama Bibi bado yupo, na kama anataka, wangepiga Jumapili. Niliusoma nimesimama sokoni Bukoba, watu wananipita na vikapu vyao. Sikupiga simu Izigo. Niliona hilo ni neno la kupeleka mwenyewe.

Alipolisikia aliuliza Jumapili ni lini, ingawa tulikuwa Ijumaa na yeye hakukosa Misa maishani mwake.

Nilifika mapema. Alikuwa ameoga, amevaa gauni la Pasaka na mtandio mweupe, ameketi mezani, manila imetandazwa mbele yake, maka peni mkononi tayari. Niliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Saa nane iliita.

Alikuwa binti mkubwa. Nywele zimefungwa nyuma, koti la shule, mgongo umenyooka. Mama yake alionekana kidogo nyuma, akainamisha kichwa kwa heshima. Binti alisema, "Nainai," akasema anafurahi kuonana, anatumaini afya ni njema. Kilikuwa Kichina safi cha kumsalimia mkubwa usiyemzoea. Nilitafsiri.

"Koku," Mwalimu aliita.

Binti aligeuka kumtazama mama yake, kama anayeuliza hilo ni nini. Sikulitafsiri.

Mwalimu hakuongeza neno. Alipapasa ukingo wa manila kwa mkono wa kushoto, akapata pa kuanzia, akaandika. Nilielewa tangu herufi ya kwanza kwamba anaandika "mjukuu wa kike". Ile ya kwanza aliimaliza bila kosa. Akahamia ya pili, ambayo ni ile ya mwanamke. Akaweka kalamu karatasini, akavuta kwanza mstari wa kulala, mrefu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Miaka yote ile hakuwahi kuikosea. Nikafungua mdomo, nikasikia mkono wake wa kushoto chini ya meza umenigusa goti, umelikandamiza. Alikuwa ameinua kalamu juu ya karatasi, ameisimamisha hapo, uso ameuelekeza kwenye simu. Anasubiri.

Mtandao ulikuwa mzuri. Binti alikuwa anaona kila kitu. Nilimwona akifuata kalamu kwa macho. Kuku alipita mlangoni. Mwalimu hakushusha kalamu.

Kisha binti akasema kitu, kwa tabasamu dogo la midomo iliyofungwa.

"Amesema nini?" Mwalimu aliuliza.

"Amesema Bibi anaandika vizuri sana."

Halafu alishusha kalamu, akamalizia mistari miwili iliyobaki, akafunga kifuniko cha maka peni kwa mkono mmoja mpaka kikalia.

"Mwambie ahsante," alisema. "Na mama yake, mwambie amenilelea vizuri. Mtoto ana adabu."

Niliwaambia. Mkwe alifuta macho. Walisema binti ana masomo ya ziada, wakaaga, wakaahidi kupiga siku nyingine. Kioo kikawa cheusi.

Nilianza kukunja manila, akaniambia niiache. Nje mvua ilikuwa inajiandaa upande wa ziwa. Nilitaka kumwambia kwamba watoto husahau, kwamba huenda aliona kosa akaheshimu, kwamba kule kumkosoa mkubwa mbele ya watu si adabu. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Yeye aliyajua kabla yangu.

"Wangu angenikosoa," alisema, kwa sauti ile ndogo. Baada ya hapo aliliacha.

Kisha akanigeukia na kuniomba nimweleze sura, maana yeye aliona mwanga tu na kivuli. Nilimweleza nilivyoweza. Paji la uso la Deo, hilo bila shaka. Masikio ya mama yake. Shingo ndefu, na hiyo ni yako, Mwalimu. Ngozi ya maji ya kunde. Alikuwa anaitikia kwa kila kimoja, taratibu, kama anayeviweka mahali.

"Na meno?" aliuliza. "Baba yake alikuwa na mwanya hapa mbele. Mara ya mwisho nilipomwona, meno ya utoto yalikuwa yameng'oka. Nilikuwa nangoja yaote nione."

Nilijaribu kukumbuka. Nilirudia simu nzima kichwani, tangu alivyosema nainai mpaka alivyoaga.

"Sikuyaona, Mwalimu. Hakucheka."

Aliondoa mkono wake gotini kwangu, akauweka juu ya karatasi.

"Basi huenda mwanya anao," alisema.